Jemadari anajua nini? Jibu kwa aliyeuliza kuhusu Wagiriki wa kale, falsafa na vita

Mwanafunzi mmoja wa mwaka wa pili chuo kikuu ameniandikia. Darasani wanasoma Plato na Aristotle. Nyumbani, kaka yake ambaye ni ofisa wa jeshi humwambia kwamba Wagiriki hao hao walifundisha pia vita. Anauliza mambo mawili. Je, walioandika falsafa na walioandika mbinu za vita walikuwa watu wale wale, au tunawachanganya kwa sababu tu wote ni Wagiriki? Na kama muda unamruhusu kumsoma mmoja tu, awe nani?

Ndugu yangu, nianze na la pili kwa kuwa jibu lake ni fupi. Msome Xenophon. Chukua kitabu chake cha kumbukumbu za mwanafalsafa Sokrates (Memorabilia), ufungue sehemu ya 3, sura ya 1, ambayo ni kurasa chache tu. Kisha nenda kwenye masimulizi yake ya msafara wa Uajemi (Anabasis), nayo pia uanzie sehemu ya 3. Nikikueleza kwa nini, utakuwa umepata na jibu la swali lako la kwanza.

Xenophon alizaliwa Athens karibu na mwaka 430 KK. Ujanani alimfuata Sokrates, na utu uzima wake ukamkuta vitani. Aliandika mazungumzo ya falsafa, historia, mwongozo wa kufuga na kupanda farasi, mwongozo wa kamanda wa wapanda farasi, hata kitabu cha kuendesha nyumba na shamba. Watu wa falsafa humwona mdogo wakimpima na Plato. Wanajeshi humsoma kwa ajili ya mapigano, mengine wakayaruka. Naona pande zote mbili zinapoteza, kwa sababu mtu huyu katika vitabu vyake vyote anasumbuliwa na swali lile lile: kwa nini mtu mmoja hutiiwa kwa hiari, na mwingine hata akitisha na kupiga hatiiwi? Swali hilo ndilo linalofungua kitabu chake kirefu juu ya malezi ya mfalme Cyrus wa zamani, yule ambaye Biblia ya Kiswahili inamwita Koreshi.

Sasa ile sura niliyokutajia. Mwalimu aitwaye Dionysodorus amefika Athens akitangaza kwamba anafundisha ujemadari. Sokrates anamhimiza kijana mmoja anayekitaka cheo hicho aende akasome. Wakati wa vita mji mzima huwekwa mikononi mwa jemadari. Akifaulu faida ni ya wote, akikosea hasara ni ya wote. Anayegombea kazi hiyo bila kujifunza anastahili adhabu. Kijana anakwenda, analipa ada, anamaliza masomo, anarudi. Sokrates anamtania kidogo, kisha anamwuliza: alianza kukufundisha nini? Kijana anajibu kwamba alianza na kupanga askari na akamalizia hapo hapo. Hakufundishwa kingine.

Sokrates anamwambia kwamba hilo ni fungu dogo sana la kazi. Jemadari ajue kutafuta vifaa vya vita na chakula cha askari. Awe mbunifu, mchapakazi, mvumilivu, mwenye akili ya haraka. Awe mpole na mkali, mnyofu na mwenye hila, mlinzi na mwizi, mwepesi wa kutoa na mwepesi wa kunyang'anya. Isome orodha hiyo taratibu. Sifa zake zimewekwa zikipingana makusudi, na hakuna paredi itakayokufundisha lini uwe huyu na lini uwe yule.

Halafu anamkubalia kijana kwamba kupanga nako kuna maana. Mawe, matofali, mbao na vigae vikimwagwa ovyo havifai kitu, lakini visivyooza, yaani mawe na vigae, vikiwekwa chini na juu, na matofali na mbao vikiwa katikati, nyumba inasimama. Kijana anadaka wazo: kumbe hata vitani askari wazuri wakae mbele na nyuma, wabaya katikati, ili wavutwe na wale wa mbele na kusukumwa na wale wa nyuma. Vizuri, anasema Sokrates; na mwalimu wako alikufundisha kuwatambua wazuri na wabaya? La, hakunifundisha. Basi masomo yako yamekufaa nini? Ni sawa na kuambiwa upange fedha, nzuri juu na chini na mbovu katikati, wakati hujui kutofautisha halali na bandia. Mwishoni anamrudisha kwa mwalimu akamwulize zaidi: kama anajua na ana haya, ataona aibu kuchukua ada yako na kukuacha mtupu.

Tazama alichofanya Sokrates hapo. Hakuhubiri amani wala hakusifu vita. Amemkabili mtu anayedai ujuzi, akamwuliza ujuzi huo ni ujuzi wa nini, kama alivyowauliza washairi na wanasiasa. Ameuliza kama uongozi ni elimu inayofundishika, na akaonyesha kwamba kiini chake ni kuwajua watu. Naye hakuwa mtu wa maneno matupu, kwani alikuwa amepigana kama askari wa miguu huko Potidaea, Delium na Amphipolis. Jeshi la Athens liliposhindwa Delium mwaka 424 KK na watu wakatawanyika kukimbia, yeye aliondoka kwa hatua za utulivu akiangaza macho huku na huku, kiasi kwamba adui walimwacha wakawafukuza waliokuwa wakikimbia ovyo.

Aliyekuwa naye siku hiyo ni Laches, jemadari, na jina lake ndilo jina la mazungumzo ya Plato ambayo ni lazima niyataje. Wazee wawili wamewaita majemadari wawili, Laches na Nicias, wawashauri kama vijana wao wafundishwe kupigana na silaha kamili. Laches hana imani na walimu wa aina hiyo. Anasimulia alivyomwona mmoja wao, Stesilaus, akiwa melini na silaha aliyoibuni mwenyewe, mkuki uliofungwa mundu. Mundu ukanasa katika kamba za merikebu ya adui iliyokuwa ikipita ubavuni. Akavuta, haukutoka. Merikebu ikaendelea na safari, naye akakimbia sitahani ameung'ang'ania mkuki wake mpaka ukabaki kushikwa kwenye ncha ya mwisho. Akarushiwa jiwe likaanguka karibu na miguu yake, akauachia. Mabaharia wa pande zote mbili wakacheka mkuki ule ukining'inia.

Baada ya hapo Sokrates anawauliza majemadari ushujaa ni nini. Laches anajibu upesi: kubaki kwenye safu na kutokimbia. Sokrates anamkumbusha Wasparta katika vita vya Plataea, ambao walirudi nyuma kwanza, na safu za Waajemi zilipovunjika wakageuka wakashinda. Nicias anajaribu njia nyingine: ushujaa ni kujua kipi cha kuogopwa na kipi cha kutumainiwa. Wanaisukuma hoja huku na huku, mwisho hawafiki. Ila katikati ya mabishano hayo Sokrates anapenyeza sentensi ambayo mtu anaweza kuipita bila kuiona: sheria inaagiza jemadari amwamuru mpiga ramli, si mpiga ramli amwamuru jemadari.

Mwathene yeyote aliyeyasoma hayo alijua yaliyompata Nicias. Mwaka 413 KK jeshi lake lilikuwa limekwama kisiwani Sicily, mbele ya mji wa Syracuse, na wote wamekubaliana kwamba wakati wa kuondoka umefika. Usiku wa tarehe 27 Agosti mwezi ukapatwa. Wapiga ramli wakasema wasubiri siku tisa mara tatu, na Nicias akakataa hata kulijadili jambo la kuondoka kabla siku hizo kwisha. Adui wakaziba mdomo wa bandari. Jeshi lote likapotea. Nicias akauawa, na mateka wasiopungua 7,000 wakatupwa katika machimbo ya mawe ya Syracuse. Huyu ndiye mtu ambaye Plato amemketisha aeleze kwamba ushujaa ni kujua kipi cha kuogopwa. Nikifika ukurasa ule huwa nakifunga kitabu kwanza, nipumue.

Tumrudie Xenophon, maana yeye alitiwa katika mtihani huo kwa mwili wake. Mwaka 401 KK rafiki yake Proxenus alimwalika ajiunge na jeshi la mamluki wa Kigiriki lililokodiwa na Cyrus (si yule wa zamani), mdogo wake mfalme Artaxerxes wa Uajemi, aliyetaka kumnyang'anya kaka yake ufalme. Xenophon alimwomba Sokrates ushauri. Sokrates akamwambia aende Delphi, kwenye hekalu la uaguzi, akamwulize mungu. Kijana akaenda, lakini hakuuliza kama aende au abaki; aliuliza atoe sadaka kwa miungu ipi ili aende na kurudi salama. Sokrates alimkemea kwa hilo: umeshaamua, ndipo ukauliza.

Safari ilipofika karibu na Babeli, penye vita vya Cunaxa, Cyrus aliuawa. Wagiriki zaidi ya 10,000 wakabaki katikati ya nchi ya adui bila mwajiri. Baada ya wiki kadhaa Tissaphernes, liwali wa mfalme, aliwaita viongozi wao kwa mazungumzo. Majemadari watano, Proxenus akiwamo, walikamatwa kwa hila wakauawa. Maakida ishirini waliofuatana nao waliuawa pale pale nje ya hema. Usiku ule kambini wachache waliwasha moto, wachache walikula. Xenophon hakuwa jemadari wala akida wala askari wa kawaida. Aliota radi imepiga nyumba ya baba yake, akaamka akajiuliza: nimelala hapa namsubiri jemadari wa mji gani aje kutenda? Nangoja nifike umri gani? Akainuka akawaita maakida wa Proxenus. Kulipokucha alikuwa mmoja wa majemadari wapya.

Kuanzia hapo utaona yale ya sura ya Sokrates yakigeuka kuwa mambo ya kila siku. Wiki ya kwanza anakosea: anawafukuza wapiga mishale wa adui bila farasi hata mmoja, anachosha watu wake na hapati kitu. Wenzake wanamlaumu, naye anasema wana haki ya kumlaumu. Kisha analeta wazo. Jeshini mna watu wa kisiwa cha Rhodes, na hao wanajua kutupa kombeo kwa risasi za madini ya risasi, ambazo huenda mbali kuliko mawe makubwa ya Waajemi. Usiku huo huo wanapatikana watupaji 200, na kesho yake farasi 50 kutoka katika wanyama wa mizigo. Kuwajua watu ulio nao, kama Sokrates alivyotaka.

Au chukua suala la umbo la jeshi. Walikuwa wakitembea kwa umbo la mraba, mizigo katikati. Wakagundua kwamba mraba ni balaa adui akiwa nyuma: njia ikibana au wakifika darajani, pembe husogeleana na askari husukumwa nje ya safu, njia ikipanuka, pembe huachana na katikati hubaki pengo, na moyo wa askari hushuka kwa kuliona. Wakaunda vikosi sita vya watu mia mia. Pembe zikisogeleana vikosi hivi hubaki nyuma kidogo. Zikiachana, huingia na kuziba. Hiyo ni mbinu ya kijeshi safi, lakini angalia ilivyozaliwa: watu walitazama kinachotokea miguuni mwao, wakakijadili, wakakirekebisha.

Kuna tukio moja ambalo ningependa ulisome zaidi ya yote. Wagiriki na Waajemi wanashindana kukiwahi kilele cha mlima. Xenophon yuko juu ya farasi anawahimiza watu. Askari mmoja, Soteridas wa Sicyon, anamjibu: hatuko sawa, wewe umepanda farasi, mimi nakufa kwa uzito wa ngao hii. Xenophon anaruka chini, anamsukuma nje ya safu, anamnyang'anya ngao na kuendelea kupanda nayo kwa miguu, huku amevaa dirii ya mpanda farasi ambayo ni nzito. Anasonga kwa shida. Anawaambia wa mbele waendelee na wa nyuma wampite. Askari wenzake Soteridas wanampiga, wanamtupia mawe, wanamtukana mpaka anaichukua ngao yake. Xenophon anapanda tena farasi hadi njia inaposhindikana, anamwacha, anaendelea kwa miguu. Wakakiwahi kilele. Sijui maelezo mafupi ya utiifu wa hiari yanayoshinda hayo. Na baadaye, katika theluji ya Armenia, ambako watu walilala wamefunikwa na theluji na hakuna aliyetaka kuinuka, yeye aliinuka bila vazi lake akaanza kupasua kuni; mwingine akaja akampokea shoka, na wengine wakafuata.

Sasa swali lako la kwanza, kama walikuwa watu wale wale. Ndiyo, ila si kwa namna ambayo mtu angetazamia. Miongozo ya vita iliyoandikwa kwa mtindo wa kitabu cha kiada imetufikia kadhaa. Wa zamani kabisa ni Aeneas, wa karne ya 4 KK, ambaye kitabu chake juu ya kuukinga mji uliozingirwa kipo hadi leo. Hadai falsafa yoyote, lakini anajua kwamba mji huanguka kwa mkono wa mtu wa ndani. Anaeleza namna ya kushona barua ndani ya soli ya kiatu cha mjumbe asiyejua anachobeba, na namna ya kutia vidoti juu ya herufi za kitabu cha kawaida ili zikisomwa pamoja zitoe ujumbe. Anasimulia pia jinsi watu wa Sinope, kwa uchache wa wanaume, walivyowavika wanawake vyombo vya shaba mfano wa silaha na kuwatembeza ukutani adui wawaone. Ila hawakuruhusiwa kurusha kitu, maana mtupo wao ungewafichua kwa mbali. Kitabu kitamu, na kaka yako atakipenda.

Halafu yuko Asclepiodotus wa karne ya 1 KK. Huyu alikuwa mwanafunzi wa Posidonius, mmoja wa wanafalsafa wakubwa wa Stoa, mojawapo ya shule za falsafa ya Kigiriki. Ungetazamia hekima juu ya moyo wa askari. Badala yake anakupa jeshi la watu 16,384 kamili, mistari 1,024 yenye watu 16 kila mmoja. Kwa nini idadi hiyo? Kwa sababu unaweza kuigawa nusu kwa nusu mpaka ubaki na mtu mmoja bila salio. Inapendeza kama hesabu, lakini hakuna jeshi lililowahi kufika uwanjani na idadi hiyo, na katika kitabu kizima hakuna askari aliyechoka. Ukimaliza utajiona umesoma kozi ya Dionysodorus. Mwanafunzi wa mwanafalsafa ameandika juu ya kupanga askari tu, na mamluki aliyelala kwenye theluji ndiye aliyeandika falsafa.

Onasander, wa karne ya 1 BK, anasimama kati yao. Anataka jemadari awe mwenye kiasi, asiyependa fedha, msemaji mzuri, si kijana mno wala mzee mno, na ikiwezekana awe baba wa watoto. Orodha nzuri, lakini haipigwi msasa na tukio lolote.

Aliyemkaribia Xenophon kweli ni Arrian wa Nicomedia. Ujanani alikaa Nicopolis akimsikiliza Epictetus, mwanafalsafa aliyewahi kuwa mtumwa na ambaye hakuandika kitabu. Tunayo maneno yake kwa kuwa Arrian aliyaandika. Baadaye Arrian akawa gavana wa Cappadocia chini ya Kaisari Hadrian, na mwaka 135 BK akaukabili uvamizi wa Waalani, kabila la wapanda farasi. Amri zake za kupanga jeshi siku hiyo zipo, na ndani yake jemadari mkuu anatajwa kwa jina Xenophon. Ni yeye mwenyewe; alijipa jina la mwalimu aliyemtangulia kwa zaidi ya miaka 400. Katika barua yake kwa Hadrian juu ya pwani za Bahari Nyeusi anaeleza kwamba alifika mji wa Trapezus na kuitazama bahari kutoka pale pale Xenophon alipoitazama. Akakuta madhabahu za mawe machafu yasiyochongwa vizuri, maandishi yake ya Kigiriki yana makosa, akaagiza zijengwe upya kwa mawe meupe. (Barua hiyo ni ya ukoo mmoja na miongozo ya mabaharia wa Kigiriki, ukiwamo ule wa karne ya 1 BK unaotaja Azania na bandari ya Rhapta kwenye pwani yetu ya Afrika Mashariki.)

Nisikufiche upande mwingine. Jeshi la Xenophon lilikula kwa kupora vijiji. Katika nchi ya Wataochi waliivamia ngome moja iliyokuwa na chakula, na ilipozidiwa, wanawake waliwatupa watoto wao gengeni kisha wakajirusha wenyewe, na wanaume wakafuata. Akida mmoja, Aeneas wa Stymphalus, alimwona mtu mwenye vazi zuri akikimbilia kujitupa, akamshika. Wakaporomoka wote wawili wakafa. Xenophon analiita tukio la kutisha, anahesabu ng'ombe, punda na kondoo waliopatikana, na safari inaendelea. Mtu aliyeuliza kwa kina hivyo namna ya kuongoza watu hakusimama hapo kuuliza kwa haki gani wamefika mlango wa wale wengine.

Swali hilo utalikuta kwa mwandishi wa Kigiriki ambaye hakuzaliwa Mgiriki. Kaisari Marcus Aurelius alizungukwa na vita; Polyaenus alimtungia yeye na mtawala mwenzake Lucius Verus mkusanyo mkubwa wa hila za kijeshi, ambao wewe unaweza kuuacha kwa sasa. Lakini katika maandishi aliyojiandikia mwenyewe, sehemu yake ikiwa imeandikwa kambini mpakani mwa Danube, Marcus hataji hila hata moja. Katika kitabu cha 10 anaandika kwamba buibui hujivuna akimnasa nzi, na watu nao, huyu akinasa sungura, huyu samaki wa wavuni, huyu nguruwe mwitu, huyu dubu, huyu Wasarmatia. Kisha anauliza: ukichunguza misingi yao, je, hao wote si majambazi? Wasarmatia ndio aliokuwa akipigana nao. Alifariki mwaka 180 BK, vita vya mpakani vikiwa bado havijaisha.